Mpingo na Rangi ya Viatu

Kila kazi ina maandalio yake. Mkulima hufyeka shamba kabla ya mvua. Mvuvi hushona nyavu zake siku ambazo bahari haiendeki. Na seremala hafanyi mlango kwa ubao mbichi, maana ubao ukikauka utapinda, na mwenye nyumba atamlaumu. Maandalio ya watu hawa yaonekana kwa macho, na kila mtu aweza kuyapima. Lakini mtu ajifunzaye uchoraji au uchongaji huandaa nini? Akiulizwa swali hili na jamaa zake husita, kwa sababu hana shamba la kuonyesha wala wavu wa kutandaza. Ana mkono na jicho tu, na vitu hivi kila mtu anavyo.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa katika mwaka wa mwisho, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Nyumbani huulizwa kwa maneno mafupi: "Utakula nini?" Sikasiriki nikiulizwa hivyo. Aulizaye ni mjomba wangu, aliyeuza mbuzi wawili nipate kusoma, naye ana haki ya kujua mbuzi wake wamekwenda wapi. Nia ya insha hii ni kumjibu. Walakini siwezi kumjibu kabla sijajibu swali jingine lililojificha nyuma ya hilo, ambalo mjomba hakuniuliza, lakini dhamiri yangu haikuacha kuniuliza.

Miongoni mwetu wanafunzi kuna mafundisho mawili yasiyoandikwa katika kitabu chochote cha chuo. Fundisho la kwanza lasema kuwa sanaa ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kwamba atakaye kuishi kwayo hana budi kujua kwanza wanunuzi wanataka nini, kisha awape. Fundisho la pili lasema kuwa msanii hana bwana ila nafsi yake, na kwamba senti ya kwanza apokeayo ndiyo pingu yake ya kwanza. Wafuasi wa fundisho la kwanza huwacheka wenzao kwa njaa yao, na wafuasi wa fundisho la pili huwadharau wenzao kwa shibe yao. Nimepata kukaa pande zote mbili, na ushahidi wangu ni kuwa kila upande una nusu ya kweli. Lakini nusu hizo mbili haziungani zikawa kitu kizima, kwa kuwa katikati yake pana ufa. Ufa huo ndilo swali lenyewe: je, ni halali kwa mtu kusema uwongo kwa mkono wake leo, ili kesho apate nafasi ya kusema kweli kwa mkono huo huo?

Wazee walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wazee, lakini methali hii imewatia vijana wengi wa sanaa katika kiburi cha kukaa barazani na kungoja kuitwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa maskini ya wafinyanzi. Katika ujana wake alijitwika vyungu akavitembeza kuviuza, akiwaita wanunuzi kwa sauti yake. Vyungu vile havikuwa vibaya kwa sababu vilitembezwa. Vilitembezwa kwa sababu mwenye njaa hana nafasi ya kungoja chema kijiuze. Na katika kutembeza huko sauti ilipata mazoezi yasiyopatikana katika chuo: ilijifunza kuvuka ukuta, kushinda kelele za njia, na kumfikia mtu aliyekuwa ndani ya nyumba na shughuli zake. Mwaka 1928 sauti hiyo ilisafiri hadi Bombay ikatiwa katika sahani za santuri, na watu wa pwani nzima wakaisikia. Hakuna awezaye kusema kuwa miaka ya vyungu ilikuwa miaka iliyopotea.

Mifano mingine haiko mbali. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikula mshahara wa ukarani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kwanza katika idara ya forodha na kisha katika idara nyingine. Vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akasoma London. Alipata kuwa mwalimu, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akaiwakilisha nchi yake huko Uingereza. Lakini katika picha zake hakutoka kijijini kwao. Aliwachora watu wakifanya kazi pamoja kati ya migomba. Picha moja aliyoichora mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la makumbusho ya sanaa mpya la New York. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha kazi za nyumbani Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, yapata mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya kiwandani, akaviuza kwa wageni na wapita njia. Alikufa mwaka 1972. Miaka ya kazi yake haikutimia mitano, na mtindo wake mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Katika watu wanne hawa, hakuna aliyekaa akangoja. Mmoja aliuza vyungu, mmoja alijaza vitabu vya forodha, mmoja alisomesha na kuhudumia nchi yake, na mmoja aliuza kazi yake njiani. Basi riziki si adui wa sanaa, na anayewafundisha vijana kuwa kuuza ni aibu hawatakii mema. Kama swali lingekuwa hilo tu, insha hii ingekwisha hapa, na mjomba angekuwa amekwisha kujibiwa. Lakini mimi nina habari ya kueleza ambayo haimo katika mifano hiyo.

Katika likizo mbili, moja baada ya mwaka wa kwanza na nyingine baada ya miezi kadhaa, nilifanya kazi katika duka moja la picha na vinyago. Asubuhi nilichora vibao: twiga wawili chini ya mbuyu, na nyuma yao jua jekundu. Mwanzoni kibao kimoja kilinichukua siku nzima. Mwishoni nilikimaliza kwa saa moja, na mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe huku mawazo yangu yako kwingine. Sina toba ya kuleta juu ya vibao hivyo. Vilikuwa vibao vya twiga, vikauzwa kuwa vibao vya twiga. Toba yangu ni juu ya kazi ya alasiri.

Hapana budi nieleze kwanza mpingo ni mti gani. Nje una ganda la mti jeupe lenye umanjano, na ndani una moyo mweusi. Hukua polepole sana, hata aupandaye hatarajii kuuchonga yeye mwenyewe. Ni mgumu kiasi cha kumaliza makali ya tezo, na kipande chake ukikitupa majini huzama. Mafundi wa Ulaya huutafuta kwa kutengeneza zumari zao. Kwa sababu ya sifa hizo una bei, na kwa sababu ya bei yake una waigaji. Kazi yangu ya alasiri ilikuwa hii: kuchukua vinyago vilivyochongwa kwa mti mweupe mwepesi, kuvipaka rangi nyeusi ya viatu, kuvisugua kwa kitambaa, kuviweka kivulini, na kuvipaka tena. Baada ya mara ya tatu viling'aa. Kisha vilipangwa katika rafu moja na vinyago vichache vya mpingo wa kweli, ili ndugu wa kweli awape heshima ndugu wa uwongo.

Siku moja aliingia mama mmoja mgeni, mtu wa makamo. Alichukua sanamu ya mwanamke aliyebeba mtungi, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili ambacho ilikuwa dhahiri amejifunza kwa bidii, "Hii ni ya mpingo?" Nilikuwa na rangi ya viatu chini ya kucha zangu. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, mpingo mtupu." Hakushindana nami juu ya bei. Aliifunga sanamu katika kanga aliyokuwa ameinunua, akanishukuru, akaenda zake. Kama angeitia katika ndoo ya maji ingeelea, na kama angeifuta kwa kitambaa kilicholowa angeona weusi wake ukihamia kitambaani. Hakufanya hivyo kwa kuwa alikuwa ameniuliza mimi. Neno langu lilikuwa ndiyo ndoo yake.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, wala hoja zake hazikuwa za mjinga. Alisema kuwa mgeni hanunui mti, bali hununua ukumbusho wa safari yake, na ukumbusho hauna uzito wala rangi. Alisema kuwa mpingo unapungua msituni, na kila kinyago cha mti mwingine ni mpingo mmoja uliosalimika. Tena alisema kuwa watu sita walikuwa wakila kwa duka lile, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hoja hizi nilizikubali kwa muda mrefu, na usiku nilipokosa usingizi nilizitumia kama mto wa kulalia.

Sasa nazipima moja moja. Hoja ya kwanza yavunjwa na mnunuzi mwenyewe, maana aliyeuliza kama sanamu ni ya mpingo alikwisha kutuambia kwa swali lake kitu anachonunua. Hoja ya pili ni nzuri, lakini kama kweli tulikuwa tukiuokoa mpingo tungejisifu kwa maandishi makubwa mlangoni. Wema haupakwi rangi ukafichwa rafuni. Hoja ya tatu ni nzito, na sitajisingizia kuwa nina jibu la haraka. Watu sita walikula kweli. Nami niliyeandika maneno haya nilikula pamoja nao.

Adhabu ya uwongo ule haikunijia kwa njia niliyoitazamia. Nilidhani kuwa itakuja kwa aibu, labda mgeni atarudi na sanamu mkononi mbele ya watu. Ilikuja darasani. Mwalimu wetu wa uchoraji, mama mwenye maneno machache, alituamuru tuchore sura ya mtu tunayemjua sana, bila picha ya kamera na bila mtu huyo kuwapo, kwa nguvu ya kumbukumbu peke yake. Mimi nilimchora mama yangu akisuka ukili. Nilifanya kazi siku nne kwa mkaa juu ya karatasi kubwa, nikaridhika. Mikono ilikuwa mikono, na mkunjo wa kanga ulikuwa mkunjo. Mwalimu alisimama mbele ya picha ile kitambo, kisha akaniuliza swali moja, "Mama yako ana macho haya?"

Nikatazama. Macho yalikuwa ya mviringo, makubwa, yenye kope ndefu, na katika kila moja palikuwa na nukta nyeupe ya nuru mahali pale pale. Yalikuwa macho ya twiga. Nilikuwa nimeyachora mamia ya mara katika vibao, na mkono ulipofika mahali pa macho haukumwuliza mama yangu chochote. Ulileta uliyoyazoea.

Mtu aweza kusema kuwa hilo ni kosa la mazoea tu, wala halihusiani na rangi ya viatu. Nami nilijaribu kusema hivyo. Lakini nilipokaa peke yangu na picha ile niliona kuwa makosa mawili yale yana shina moja. Dukani nilijifunza kuwa kitu hutosha kikifanana. Sanamu ilitosha kwa kuwa ilifanana na mpingo. Jibu langu lilitosha kwa kuwa lilifanana na kweli. Na macho yale yalitosha kwa kuwa yalifanana na macho. Mgeni nilimdanganya nikijua. Juu ya mama yangu nilijidanganya mwenyewe bila kujua, na hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi na mtu wa sanaa, kwa kuwa uwongo usiojulikana hauna wa kuutubia.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa nilikuwa nimekosea katika maana ya neno maandalio. Nilidhani kuwa maandalio ni muda, ambao kwanza mtu hutafuta fedha kwa njia yoyote, kisha muda huo hukoma na kazi ya kweli huanza. Lakini mkono hauna kalenda. Haujui kuwa alasiri hii ni ya duka na asubuhi ile ni ya chuo. Hauna chumba cha riziki na chumba cha kweli vyenye mlango katikati. Lolote ufanyalo nao wajifunza, na ulilojifunza jana ndilo utakalolitoa leo ukiuhitaji. Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na maana yake hutumiwa juu ya watoto. Lakini mkono wa mwanafunzi nao ni samaki mbichi, na mimi nilikuwa nikiukunja kwa juhudi upande nisioutaka.

Hapa sharti nijihadhari nisiwahukumu wasio na hatia. Kuiga si dhambi. Wanafunzi wa Tingatinga, ambao wengi wa awali walikuwa jamaa na marafiki zake, walijifunza kwa kuiga kazi yake mbele ya macho yake, nao waliomfuata waliiga, na kila mnunuzi aweza kujua kuwa kibao alichoshika kimetoka katika ukoo huo. Vivyo hivyo mwimbaji hujifunza nyimbo za mwalimu wake kabla hajatunga zake, na mtoto wa mchongaji hurudia kinyago cha baba yake mara nyingi. Aigaye husema, "Hivi ndivyo nilivyofundishwa." Aghushiye husema, "Hiki ni kile," hali akijua kuwa siyo. Tofauti ya watu hawa wawili haiko katika umbo la kazi, ambalo laweza kuwa moja. Iko katika neno linaloambatana na kazi. Kwa hiyo kazi ya sanaa ina sehemu mbili, kitu na neno lake, na chuo hutufundisha sana habari ya kitu lakini habari ya neno lake hutuachia wenyewe.

Neno hilo mimi nililikuwa nimelisikia tangu utotoni, ila sikulitambua kuwa ni elimu ya sanaa. Mama yangu husuka mikeka ya ukindu. Huanika ukindu, huuchana, huuchemsha katika rangi, kisha husuka ukili na kuuunga. Mwaka mmoja alipata rangi nyekundu isiyoshika vizuri, na mikeka yote ya msimu ule ilikuwa nayo. Ilipendeza sana ilipokuwa mipya. Alikuja mnunuzi akataka mitatu, na mama akamwambia, "Nyekundu hii itachuja. Usiufue kwa maji mengi." Mnunuzi akachukua mmoja badala ya mitatu, tena kwa bei ya kupunguziwa. Mimi nilikuwa mtoto, nikakasirika, maana nilikuwa nimeahidiwa viatu. Nikamwuliza kwa nini amesema, na hakuna aliyemwuliza. Akanijibu huku akiendelea kusuka, "Mkeka utalaliwa, mwanangu. Aulaliaye atanijua."

Nilipokuwa dukani nilikuwa na hoja tatu za mwenye duka, nami sikulikumbuka neno hili hata mara moja. Nalikumbuka sasa kwa sababu ya macho niliyokosa kuyachora.

Msomaji aweza kudhani kuwa baada ya kufahamu hayo nimekuwa safi. Sivyo. Ada ya muhula uliofuata ililipwa kwa mbuzi wa mjomba, kwa mikeka ya mama na kwa rangi ya viatu, na fedha zikisha kuchanganyika hazitengeki. Elimu iliyonifundisha kuutambua uwongo ule ilinunuliwa kwa sehemu na uwongo wenyewe. Siwezi kuirudisha elimu, wala siwezi kumtafuta mama yule mgeni, ambaye labda hata leo ameiweka sanamu yangu mahali pa heshima na kuwaambia wageni wake kuwa ni mpingo. Amekuwa mwongo kwa nafsi safi, na uwongo wake ni wangu. Deni la namna hii halilipwi kwa aliyekukopesha. Hulipwa kwa wale watakaokuja baadaye na kukuuliza swali lile lile.

Ili nijue namna ya kulilipa nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kimakonde anayechonga kivulini kando ya njia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akanipa gogo la kukalia. Nilimwomba aniruhusu nitazame tu. Alikuwa na kipande cha mpingo, naye kwa muda mrefu sana hakukigusa kwa tezo. Alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakitazama penye mwanga. Nilidhani kuwa anatafuta umbo. Nilipomwuliza alisema kuwa anatafuta ufa. Mpingo, alisema, una nyufa za siri, na mchongaji asiyezijua kabla ya kuanza atazijua atakapofika puani pa sanamu. Kando yake palikuwa na vinyago vya mti mweupe, vyeupe vivyo hivyo, na kwa bei ndogo. Nilimwuliza kama hajapata kuvipaka rangi. Akacheka, akasema alipata kufanya hivyo zamani, akamwuzia mtu mmoja. "Akarudi?" nikauliza, nikitazamia habari ya ugomvi. "Akarudi," akasema. "Mwaka wa pili yake alikuja na rafiki yake, wakataka vingine kama kile. Alinisifu sana. Sikuweza kumtazama."

Sasa nimefika mwisho wa masomo, na jambo hili si la fikira tu. Mwenye duka ameniita, amenipa ahadi ya kazi ya kudumu na mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo wengi wa darasa langu hawana. Sikuikataa mara moja. Nilimwomba kitu kimoja: aniachie rafu moja, niweke vinyago vya mti mweupe bila rangi, pamoja na jina la mti wake na jina la mchongaji. Nilimwahidi kuwa nitavipigia msasa mpaka vipendeze. Alifikiri, akanijibu kwa upole, "Kijana wangu, ukiandika katika rafu moja kuwa huu ni mti mweupe, watu watauliza zile rafu nyingine ni mti gani."

Sijapata kusikia hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo, nayo ndiyo iliyonikatia shauri. Nilikuwa nimetumaini kupata pembe moja ya kweli katika nyumba ya uwongo, nikaishi humo kwa amani. Yeye alijua kuliko mimi kuwa kweli haikubali kukaa pembeni. Ikiingia hutoa ushahidi juu ya nyumba nzima. Nilimshukuru kwa riziki niliyokula kwake, nikaagana naye.

Basi mjomba, jibu lako ni hili. Nitatafuta kazi ya kufundisha watoto kuchora, kama ipo, na kama haipo nitachora vibao, hata vya twiga, na kuviuza barabarani kwa jina lake kila kimoja. Mzee wa Kimakonde amekubali nije kwake siku mbili za juma nijifunze kunoa tezo na kutafuta nyufa. Chakula changu chaweza kuwa chembamba kwa miaka kadhaa, na huenda mbuzi wako wakachelewa kurudi. Sikuahidi kuwa watarudi na faida, kwa kuwa nimekwisha kuahidi watu mambo nisiyokuwa nayo. Nakuahidi tu kuwa kitu chochote nitakachokula kitakuwa kimeuzwa kwa jina lake.

Na kwa wenzangu wanaoanza masomo nasema kwamba wasione haya kufanya kazi ya riziki, iwe ya vyungu, ya forodha au ya vibao. Kazi hiyo ikifanywa kwa kweli itaandaa mkono hata pale isipofanana na sanaa. Ikifanywa kwa uwongo itauharibu mkono hata ikifanana na sanaa kabisa.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na karatasi zangu, nikakaa mkekani mbele ya mama yangu nichore upya. Hakupenda kutazamwa. Baada ya kitambo aliniambia, "Wanitafuta macho ya nini? Mimi natazama ukili." Nikaona kuwa ni kweli. Katika picha ya kwanza nilimfanya amtazame mtu aliye mbele yake, kama twiga wa vibaoni wanavyomtazama mnunuzi. Mama yangu akiwa kazini hamtazami mtu. Macho yake yapo chini, kope zimefunika zaidi ya nusu, na kinachoonekana ni kidogo sana, naye hukitoa chote kwa kazi iliyo mikononi mwake. Picha hiyo haijakwisha, na bado si nzuri. Lakini macho yameinama.